Vaiza ya Upande wa Dereva

Kabla ya kuanza kubandika vaiza nilikuwa msusi wa nywele. Saluni yangu ilikuwa katika orofa ya kwanza ya jengo moja mjini Nyeri. Jengo likauzwa, mwenyewe mpya akataka wapangaji watoke, nami nikatoka na viti viwili, kioo kimoja na draya ya mkononi. Viti na kioo nilivigawa. Draya nilibaki nayo kwa sababu ilikuwa bado nzuri, na miezi michache baadaye ikawa ndicho chombo nilichokitegemea kuliko vyote katika kazi niliyoingia.

Vaiza ni ukanda wa plastiki nyeusi unaobandikwa juu ya dirisha la gari, ukatokeza nje kama ukingo wa kofia. Mtu akishusha kioo upana wa vidole viwili, hewa inaingia, mvua haiingii, na upepo haumpigi sikioni. Nyeri watu huzitafuta sana kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, wakati manyunyu hayakatiki na vioo vinajaa ukungu kwa ndani. Aliyenifundisha ni binamu yangu, ambaye ana duka la vifaa vya magari na hapendi kusimama nje kwenye baridi. Alinipa nafasi mbele ya duka lake, karibu na kituo kimoja cha petroli, na waya wa stima uliopitishwa dirishani.

Kazi yenyewe ni fupi. Unapangusa fremu ya mlango kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Unaipasha moto kwa draya, unapasha pia tepu ya gundi iliyo nyuma ya vaiza. Unabandika, unakandamiza kwa vidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu unarudia. Mwishoni unamwambia mwenye gari asishushe kioo mpaka kesho yake, na asioshe gari kwa siku mbili. Gundi haipatani na baridi wala maji. Nilikuwa nalijua hilo kuliko watu wengi, kwa sababu mara nyingi niliibandua kazi ya wengine na kuirudia.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, kwenye saa tano asubuhi, alikuja mzee mmoja na pikapu nyeupe ya milango miwili. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mtu mrefu, mwenye koti zito la sufi na kofia ya kufuma ambayo Waislamu wengi wa huko huvaa. Alikuwa ametoka kushusha mbuzi, na nyuma ya pikapu kulikuwa bado na samadi mbichi. Kiswahili chake kilikuwa laini, si kama chetu cha huku mlimani.

"Mama, pole na baridi," aliniambia. "Nimeelekezwa kwako. Nikifunga vioo, harufu ya mbuzi inanikaba. Nikifungua, nalowa bega hili lote."

Bega la kulia la koti lake lilikuwa limelowa kweli.

"Za gari yako ziko, mzee," nikamwambia. "Lakini stima imepotea tangu saa mbili. Siwezi kupasha moto."

"Bila stima haziwekeki?"

Hapo ndipo ningepaswa kumwambia arudi siku nyingine. Aliangalia saa yake, akaniambia angependa kuwahi sala ya Ijumaa Nanyuki, na kwamba hangerudi Nyeri mpaka baada ya wiki mbili. Nilikuwa sijapata mteja tangu Jumatano. Nikasema zinawekeka, na kwamba ningemaliza kwa nusu saa.

Nilianza na upande wa abiria, uliokuwa umekingwa na ukuta wa duka. Ulikubali. Upande wa dereva ulikuwa umeelekea kule upepo unakotoka, na kila nilipopangusa fremu, unyevu ulirudi kabla sijageuka. Spiriti ikaniishia. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikaweka viganja vyangu juu ya chuma kama mtu anayepasha mtoto miguu, kisha nikabandika. Mtu aliyeizoea kazi hii huihisi kwa kidole: gundi ikishika, plastiki inatulia. Ile haikutulia. Ilikuwa inacheza kidogo sana kwenye ncha ya mbele, pale upepo unapoanzia.

Mzee alikuwa ameshawasha gari.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema.

Akaondoka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilimwambia asishushe kioo mpaka kesho. Huwa namwambia kila mtu. Siku ile sikumbuki.

Kesho yake, Jumamosi, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mama, ni mimi wa pikapu ya jana. Kuna jambo limetokea, nataka kukuuliza kitu."

Akanieleza. Alikuwa amepita Kiganjo, hajafika Chaka, pale barabara inaponyooka na magari yanapokimbia. Vaiza ya upande wake ikang'oka, ikaruka katikati ya barabara, ikampiga kifuani mtu wa pikipiki aliyekuwa akija kutoka Chaka. Mtu yule akayumba, akatoka barabarani, akaangukia bega. Alikuwa muuza maziwa, na mitungi yake mitupu ilitawanyika kwenye nyasi. Mzee alisimama, akamweka kwenye pikapu, akageuza gari kurudi hospitali ya Nyeri. Sala ikampita. Polisi waliandika kwamba ni ajali. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, lakini kichwa kilikuwa salama kwa sababu ya helmeti.

"Sasa ninachouliza ni hiki," akasema. "Ile ya kushoto bado iko. Niitoe ama niiache?"

"Itoe," nikasema.

"Nimekuelewa. Na usijisumbue moyo, mama. Ni kosa langu. Nyinyi mafundi husema tusishushe vioo, nami nilikishusha pale Kiganjo, harufu ilikuwa imezidi."

Nilinyamaza. Alidhani simu imekatika.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Basi. Nilitaka tu kuuliza hiyo ya kushoto."

Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa najua kwamba kioo kingefungwa au kingefunguliwa, vaiza ile ingeng'oka tu, kama si Kiganjo basi Naro Moru. Sikusema. Sikuwa na sababu ya maana. Mtu alikuwa ameniondolea lawama kabla sijaulizwa, nami nikaacha iende.

Jumapili nilienda hospitali na maziwa ya mtindi na ndizi. Muuza maziwa alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Nilijitambulisha kwamba mimi ndiye niliyeibandika ile plastiki.

"Si makosa yako, mathe," akasema. "Yule mzee ameniambia yeye ndiye alifungua dirisha. Wewe umekuja tu na roho safi."

Nikamwuliza ni nini kilichokuwa kikimsumbua zaidi, nikitarajia ataje maumivu.

"Ni maziwa. Niko na hoteli tatu huko Chaka zinaningoja kila asubuhi. Nikikosa wiki moja watachukua ya mtu mwingine. Na mama yangu hajui pikipiki."

"Nitapeleka mimi," nikasema. "Niko na gari ndogo."

Alinitazama kwa muda, kama anayepima kama nilikuwa najua ninalosema. Sikuwa najua. Daktari alikuwa amemwambia wiki sita.

Kwao ni karibu na Mweiga, upande wa msitu wa Aberdare, nyumba ya mbao yenye bati jekundu na shamba la viazi linaloteremka hadi kijito. Aliishi na mama yake, mjane, na ng'ombe watatu. Nilifika siku ya kwanza saa kumi na mbili na robo asubuhi, mikono imekufa ganzi. Mama alikuwa amevaa sweta mbili na viatu vya mpira. Alinipa mitungi, akanionyesha jinsi ya kuipanga ili isigongane, na akaniambia nisikubali mtu afungue kifuniko kabla sijaona chombo chake.

"Huyo wa hoteli ya katikati atasema maziwa ni nyepesi," akasema. "Kila siku anasema. Wewe nyamaza tu, atachukua."

Ilikuwa hivyo hivyo. Mtu wa hoteli ya katikati alisema maziwa ni nyepesi, nikanyamaza, akachukua.

Kwa hiyo nikawa na ratiba mpya. Nilitoka Nyeri kabla jua halijachomoza, nikapitia Mweiga, nikafika Chaka watu wakiwa ndio wanawasha majiko ya chai, na kufikia saa tatu nilikuwa nimerudi mbele ya duka na draya yangu. Gari lilianza kunuka maziwa yaliyochacha na wateja walinitania. Siku mawingu yalipoondoka, niliuona mlima wote kutoka barabarani, theluji kidogo juu. Sikusimama kuutazama. Maziwa hayangoji.

Mzee wa Nanyuki alitimiza sehemu yake. Gharama za hospitali alizimaliza yeye bila kuambiwa, na kila Jumanne alileta nyasi kavu za ng'ombe, marobota kumi na zaidi. Nilikutana naye huko mara ya kwanza katika wiki ya pili, mchana mmoja niliporudisha mitungi. Alikuja ndani ya lori la jirani yake, ameketi upande wa abiria. Nikamwuliza pikapu iko wapi.

"Iko nyumbani. Tangu siku ile sijashika usukani," akasema. "Nikikaa pale, namwona huyu kijana anaanguka. Kwa ajili ya harufu tu, mama. Ningevumilia harufu nusu saa, asingeanguka."

Alisema hivyo akipakua nyasi, bila kunitazama. Nilikuwa nimeshika mtungi mtupu. Nikasema, "Mambo haya hutokea, mzee," na nikaenda kuusuuza mtungi uliokuwa umeshasuuzwa.

Watu wa nyumba ile walinishukuru kila siku, na shukrani zao zilikuwa za vitu. Viazi katika gunia dogo. Mayai. Siku moja kuku mzima, miguu imefungwa, akinitazama kutoka kiti cha nyuma njia yote mpaka Nyeri. Muuza maziwa, ambaye sasa aliweza kutembea mpaka langoni, alikuwa akinifungulia lango kwa mkono mmoja na kunitania juu ya uendeshaji wangu. Nilikuwa nimeanza kuwapenda, na hilo liliharibu mambo. Kama wangekuwa wakali kwangu ningeweza kuendelea kunyamaza hadi mwisho.

Wiki ya nne, siku ya Jumatatu, mama aliniambia, akijaza mtungi wa mwisho, "Jana nimekuombea kanisani. Nilisimama mbele ya watu wote. Nikasema kuna mama huko Nyeri ananipelekea maziwa kila asubuhi, na hakutukosea kitu. Watu wamepiga makofi."

Siku ile nilimwaga maziwa Chaka kwa mara ya kwanza. Mkono uliteleza tu.

Jumanne nilifunga kazi mapema, nikaenda Mweiga saa nane mchana, saa ambayo nilijua mzee angekuwa amefika na nyasi. Niliwakuta wote watatu jikoni, moto umewaka, chai imemiminwa. Mama akaniongezea kikombe. Nilisema kabla ya kunywa, kwa sababu nilijua nikinywa nitachelewa tena.

"Mzee, hiyo vaiza haikutoka kwa sababu ya dirisha," nikasema. "Niliibandika kwenye fremu yenye maji. Spiriti ilikuwa imeisha na stima haikuwako. Niliisikia kwa kidole kwamba haijashika. Ukaniuliza, nikakuambia iko sawa."

Mzee aliweka kikombe chini polepole.

"Uliniambia nisishushe kioo, ama hukuniambia?"

"Sikumbuki. Lakini hata ungekifunga, ingetoka."

"Nami nilikuambia kwenye simu kwamba ni kosa langu. Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na hapa, nimelisema mara ngapi mbele yako?"

Nilihesabu kimoyomoyo. "Mara nne. Labda tano."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira niliyoweza kuiona. Aliinuka, akavaa koti lake, akamshukuru mama kwa chai, akamwambia muuza maziwa kwamba marobota mengine yangekuja wiki ijayo. Kwangu hakusema neno. Tulisikia lori likiwaka na kushuka kilima.

Muuza maziwa alikuwa akiangalia moto. Baadaye akasema, "Mimi niliona tu kitu nyeusi inakuja. Haikuwa imeandikwa ni ya nani."

"Nisamehe," nikamwambia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nitafikiria." Na kweli ilimchukua siku kadhaa. Alikuwa akinifungulia lango bila utani.

Mama aliosha vikombe. Alivipanga juu ya meza vikiwa vimeinamishwa, akajifuta mikono.

"Kesho unakuja?"

"Mkitaka nije."

"Ng'ombe hawajui hayo maneno. Saa kumi na mbili."

Wiki mbili zilizobaki nilizimaliza. Zilikuwa wiki ngumu kuliko nne za kwanza, na nyepesi pia, nami sijui kueleza zaidi ya hapo. Viazi viliacha kuja. Siku ya nane au ya tisa muuza maziwa alinigongea kioo nikiwa naondoka, akaniambia gia ya pili inalia, niangalie klachi, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amemaliza kufikiria. Mzee alituma nyasi lakini hakuja. Binamu yangu nilimweleza pia. Alikasirika zaidi ya wote, kwa kuwa jina lililo juu ya duka ni lake, na kwa muda wa mwezi mmoja hakunipa kazi bila kuja nje kuigusa mwenyewe kwa kidole.

Mfupa uliunga, ingawa bega la kushoto la muuza maziwa lilibaki chini kidogo kuliko la kulia. Asubuhi ya mwisho alikaa kando yangu ndani ya gari mpaka Chaka, akawaambia wenye hoteli kwamba kesho anarudi na pikipiki. Yule wa katikati akamwambia maziwa yalikuwa mazito zaidi nilipokuwa nikileta mimi. Tulicheka kidogo. Nilimrudisha nyumbani, nikarudisha vitambaa vya kufunikia mitungi, mama akavipokea langoni na kunipa mkono.

Mwezi wa tisa mzee alisimama mbele ya duka. Alikuwa ameendesha pikapu mwenyewe. Madirisha hayakuwa na kitu juu yake.

"Nimeanza kuendesha tena," akasema.

"Nimefurahi, mzee."

"Sikuja kutengeneza gari. Nilikuwa napita."

Nilikuwa nabandika vaiza za gari la mwalimu mmoja. Mzee alisimama pale, mikono nyuma, akaniangalia nikipangusa, nikipasha moto, nikikandamiza. Nilipofika mlango wa mwisho nikageuka, alikuwa ameshaondoka.

Sikumwona tena mwaka ule. Mwaka uliofuata, siku ya Idd ya kuchinja, simu ililia asubuhi.

"Mama, habari ya siku nyingi. Nimeweka nyama kwenye gari inayokuja Nyeri. Kuna mifuko miwili. Mmoja wako, mmoja wa yule mama wa Mweiga. Dereva atakupigia."

"Ahsante sana, mzee. Idd njema."

"Nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Muda mrefu. Si kwa ile plastiki."

"Najua."

"Basi. Usiache nyama ikae juani."

Niliichukua mifuko stendi saa saba. Ilikuwa na uzito sawa. Nilipofika Mweiga, mama alikuwa shambani anachimba viazi, na mwanawe alikuwa ameenda kutafuta fundi wa pikipiki. Mama alifungua mfuko wake, akaangalia ndani, akauliza kama ni mbuzi au kondoo.

"Sijui," nikasema. "Hakuniambia."

Aliingiza mkono, akageuza kipande kimoja, akakinusa.

"Ni kondoo," akasema. "Ingia, tuweke sufuria."